Kabla ya kutafuta uhai angani, tuoshe chupa kwanza

Najua nimepotea kwa muda. Nilikuwa nyumbani Pap Onditi, na kama umewahi kukaa upande wetu wa Nyakach unajua mtandao wa simu una tabia zake: ukisimama chini ya mwembe unaupata, ukisogea hatua mbili umekwenda. Basi nilikuwa nimesimama pale mwembeni, simu mkononi, nasoma habari za chombo kilichoteremshwa ndani ya barafu ya Greenland kutafuta vijidudu. Mzee mmoja jirani yetu akapita na baiskeli yake, akaniuliza nasoma nini hadi nasahau kumsalimu. Nikamwomba radhi, nikamweleza: mzee, kuna watu wanatafuta vijidudu ndani ya barafu, ili siku moja waende kuvitafuta kwenye miezi ya sayari nyingine.

Akacheka sana. "Nyathina, vijidudu? Si waje hapa tuwape bure!"

Nami nikacheka. Lakini alipokuwa anapanda baiskeli aligeuka akauliza: "Na wakivipata, watajuaje kwamba si vya mikono yao wenyewe?"

Wandugu, swali hilo ndilo limenikalisha kitako niandike. Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyekubali aanze kukasirika sasa hivi: kazi ngumu katika kutafuta uhai si kuupata, ni kuthibitisha kwamba hukuupeleka wewe mwenyewe. Na kazi hiyo sisi Afrika Mashariki tunaweza kuifanya, tena tunapaswa kuifanya haraka, kwa sababu barafu yetu inakwisha.

Kwanza, kwa nini barafu? Kwa sababu sehemu zinazowapa wataalamu matumaini makubwa zimefunikwa na barafu. Europa, mmoja wa miezi ya Mshtarii (ile Jupiter ya vitabu vya shule), una ganda la barafu la kilomita nyingi na chini yake, kwa ushahidi tulio nao, kuna bahari ya maji ya chumvi. Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye kipenyo cha kama kilomita 500 tu, unarusha maji angani kupitia nyufa zake. Chombo cha Cassini kiliyaona mwaka 2005. Marekani ilirusha chombo cha Europa Clipper tarehe 14 Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika kwenye Mshtarii mwaka 2030. Hicho hakiendi kutafuta vijidudu moja kwa moja, kinakwenda kuangalia kama mazingira ya huko yangeweza kuviruhusu viishi. Kutafuta vyenyewe ni kazi ya vyombo vya baadaye, na mazoezi ya kazi hiyo yanafanyika hapa hapa duniani.

Zoezi la Greenland ndilo lililonivutia. Mwaka 2019 watafiti waliteremsha chombo kinachoitwa WATSON katika shimo lenye kina cha zaidi ya mita 100, karibu na kilele cha bamba la barafu la huko. Hakikutoa barafu nje. Kilikuwa kinaangalia ukuta wa shimo papo hapo kwa leza ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho ambao ndio unaochoma ngozi. Molekuli nyingi za viumbe hai zikipigwa na mwanga huo hurudisha mwanga wao wenyewe, kila aina na rangi zake. Programu inachukua rangi hizo na kuzilinganisha na orodha ya vitu vinavyojulikana. Uzuri wake ni kwamba hubebi kipande cha barafu hadi maabara, kwa hiyo mikono haikigusi na njiani hakiyeyuki.

Na waliona nini? Walitegemea dalili hizo zitapangika kwa matabaka kama vumbi lililoanguka mwaka hadi mwaka. Badala yake zilikuwa vidoa vidoa, zimejikusanya hapa na pale. Fikiria maana yake kwa mtu anayechukua sampuli: ukichota sehemu moja unaweza kusema "hakuna kitu", na sentimita chache pembeni kuna kijiji kizima. Kama umewahi kutafuta kosa la programu linalotokea mara moja kwa wiki, unaelewa uchungu huu.

Sasa turudi kwenye swali la mzee, la mikono.

Warusi walichimba barafu ya Antaktika miaka mingi, na Februari 2012 wakafika kwenye Ziwa Vostok, lililojificha chini ya barafu kwa kina cha mita 3,769. Ajabu ya kazi ile haina mfano. Lakini ili shimo lisigande walilijaza mafuta ya taa na kemikali nyingine, na mafuta hayo yana bakteria zake. Mwaka 2013 ilipotangazwa kwamba kuna bakteria isiyojulikana, ubishi ukaanza mara moja: ni ya ziwani au ya kwenye mafuta? Miaka yote ile ya jasho na baridi, na bado swali la mzee wa Nyakach likabaki limesimama pale pale.

Linganisha na Wamarekani kwenye Ziwa Whillans, Januari 2013. Barafu yao ilikuwa nyembamba zaidi, kama mita 800. Walichimba kwa maji moto, na maji yale waliyachuja kwanza, wakayapiga mwanga wa urujuanimno, wakayapima kuona ni masafi kiasi gani kabla hayajashuka. Walipofika ziwani wakakuta seli zipatazo 130,000 katika kila mililita. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014 na ubishi ukawa mdogo sana. Si kwamba walikuwa na akili kuliko Warusi. Walikuwa na namba ya usafi wa maji yao WENYEWE ya kuweka kando ya namba ya ziwa.

Na ukidhani hili ni la Antaktika tu, kumbuka Mirihi (ndiyo Mars). Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilifanya majaribio ya uhai pale. Jaribio moja lilitoa jibu la "ndiyo". Kifaa kingine, kilichokuwa kinatafuta kemikali za kaboni, kikapata mabaki kidogo tu ambayo watafiti waliyahesabu kuwa ya dawa za kusafishia walizotumia duniani. Basi wengi wakasema hakuna uhai. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikagundua kwamba udongo wa huko una chumvi za pakloreti, ambazo ukizichoma huharibu zile zile kemikali unazozitafuta. Na Viking ilikuwa inachoma udongo! Kwa hiyo inawezekana kifaa kilikuwa kinaunguza ushahidi wake kikiutafuta. Karibu nusu karne baadaye watu bado wanabishana.

Naomba nifanye hesabu kidogo, msikimbie. Tuseme kwa mfano tu una kipimo kizuri sana: penye uhai hukugundua mara 99 kati ya 100, na pasipo uhai hukosea mara 1 tu kati ya 100. Una sampuli 1,000 za barafu na ni moja tu yenye uhai wa kweli. Kipimo chako kitapiga kelele mara ngapi? Ile moja ya kweli karibu hakika itasikika. Lakini zile 999 tupu zitatoa kelele za uongo kama 10. Una kelele 11 na moja tu ndiyo ya kweli. Kitu kikiwa adimu, hata kipimo bora hukudanganya mara nyingi kuliko kinavyokuambia kweli. Ndiyo maana gazeti likiandika "uhai wagunduliwa" mimi huuliza kwanza: sampuli tupu ilisemaje?

Sampuli tupu ni nini? Ni maji safi kabisa unayojua hayana kitu. Unayabeba kwenda nayo, unafungua chupa pale pale unapofanyia kazi, unayapitisha kwenye vifaa vile vile, unayapima vile vile. Yakitoa jibu la "kuna vijidudu" basi vijidudu ni vyako, na kila jibu la siku hiyo lina mashaka. Sisi waandika programu tuna kitu kama hicho: jaribio ambalo lazima lishindwe. Kama kila jaribio lako linafaulu, hujui kama programu ni nzuri au majaribio yako ni mabovu.

Naongea kama mjuzi, lakini haya nilijifunza kwa aibu, na aibu yenyewe niliipata nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja wa maji (sitautaja) uliniomba niandike programu ndogo ya kupokea matokeo ya vipimo vya visima kwa SMS. Kazi rahisi. Mpimaji anatuma namba ya kisima na jibu, programu inatuma ujumbe kwa viongozi wa kijiji. Majibu yalikuwa mawili tu: SALAMA au SI SALAMA. Nilijiona bingwa. Ujumbe ulikuwa unafika ndani ya dakika moja!

Siku moja likaja SI SALAMA la kisima kinachotumiwa na maboma mengi. Ndani ya dakika moja viongozi wakajua, na kabla ya jioni kisima kikafungwa kwa kufuli. Kina mama wakarudi mtoni, kule kule ng'ombe wanakonywea. Hali ikawa hiyo kwa karibu wiki tatu, hadi kisima kilipopimwa tena kikaonekana hakina tatizo. Ikaja kujulikana kwamba siku ya kwanza chupa maalum zilikuwa zimekwisha, sampuli ikachukuliwa kwa chupa ya juisi iliyosuuzwa mtoni. Walikuwa wamepima mto, wakafunga kisima.

Katika wiki zile watoto wa maboma mawili waliharisha, mmoja akalazwa. Alipona, Mungu ashukuriwe. Siwezi kuthibitisha kwamba ni maji ya mto yaliyomwangusha. Lakini sijasahau kwamba programu yangu ndiyo iliyobeba uongo ule kwa kasi, na haikuwa na nafasi hata moja ya mtu kuandika "chupa ilikuwa chafu" au "hatujui". Mpimaji alikosea mara moja. Mimi nilikuwa nimelijenga kosa ndani ya programu.

Niliirekebisha. Sasa ina majibu matatu, na la tatu ni RUDIA. Haikubali jibu lolote la kisima bila jibu la sampuli tupu ya siku hiyo, na sampuli tupu ikiwa chafu, matokeo yote ya siku yanakuwa RUDIA hata mpimaji akasirike vipi. Gharama ya yote hayo? Chupa moja ya ziada kwa siku na mistari michache ya programu.

Sasa mnaona kwa nini sikubaliani na wanaosema mambo ya Europa ni anasa za wenye pesa zisizotuhusu. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na hata bakteria moja ya E. koli katika mililita 100. Kutafuta seli moja ndani ya mililita 100 na kutafuta seli chache ndani ya barafu ni kazi ya ukoo mmoja. Adui ni yule yule, mikono yako. Siwadanganyi kwamba pesa za Clipper zitatuletea bomba la maji Pap Onditi. Hazitaleta. Ninachosema ni kwamba nidhamu ile haiuzwi, na anayeijifunza kwenye barafu ataitumia kisimani.

Na usidhani wakubwa hawaithamini. Mwaka 2003 chombo cha Galileo kilitumbukizwa makusudi ndani ya Mshtarii kikaungua, ili kisije kuanguka Europa na vijidudu vya kwetu. Cassini nayo ikatumbukizwa ndani ya Zohali mwaka 2017 kwa sababu ya namna hiyo. Kanuni za kimataifa zinataka uwezekano wa safari moja kuichafua bahari ya Europa uwe chini ya 1 kati ya 10,000. Huko ndiko kuosha chupa!

Nije sasa kwenye barafu yetu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika, na wataalamu wa London wakamkebehi: theluji karibu na Ikweta? Wao hawakuwa wamefika. Watu waliokuwa wakiishi chini ya mlima ule walikuwa wakiijua siku zote. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State walitoboa barafu ya Kilimanjaro mara sita, kina kirefu zaidi kikiwa kama mita 50, na walikadiria kwamba ya chini kabisa ina miaka 11,700 hivi. Vipande vile vilipelekwa Ohio kwenye majokofu. Kati ya 1912 na 2000 mlima ule ulikuwa umepoteza takriban asilimia 80 ya eneo la barafu yake.

Kwetu Kenya hali ni mbaya zaidi. Barafu ya Lewis, iliyo juu ya Mlima Kenya, imekuwa ikipimwa tangu 1934, na hadi kufika 2010 ilikuwa imepoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa ripoti kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya zinatarajiwa kutoweka kabla ya 2050. Rwenzori nako inayeyuka. Barafu ya Ikweta si kama ya Antaktika: jua kali la utosini, urujuanimno wa juu mlimani, kuganda usiku na kulegea mchana, vumbi la nyanda zinazoizunguka. Kijidudu kinachovumilia hayo kina somo la kutufundisha. Na barafu ikishayeyuka, hakuna nakala ya akiba. Anayefanya kazi na kompyuta anaelewa uzito wa maneno hayo.

Kwa hiyo pendekezo langu. Tumezoea kudhani kwenda angani ni kurusha tu. Ni kweli tuna historia nzuri ya kurusha: setilaiti ya Uhuru iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Shirika la Anga la Kenya lipo tangu 2017, na Taifa-1 ikarushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023. Vizuri sana. Lakini kugundua uhai kunafanyiwa mazoezi ardhini, kwa chupa, barafu na programu, na hapo hatuhitaji roketi. KEMRI wako hapo Kisian, nje kidogo ya Kisumu, na Chuo cha Maseno hakiko mbali. Tuna vijana wanaoweza kuandika programu ya kutenganisha rangi za mwanga. Tupande Mlima Kenya kabla Lewis haijakwisha, tuchukue sampuli zetu na sampuli tupu kando ya kila moja, tuzihifadhi hapa nchini, na data tuiweke wazi kwa kila mtu, pamoja na siku zilizoharibika. Hasa siku zilizoharibika, maana hizo ndizo watu hupenda kuzificha.

Kuna atakayesema vijidudu vya Mlima Kenya vimeshachafuliwa na wapanda mlima. Kweli kabisa, na kwangu hiyo ndiyo faida. Ukiweza kutenganisha cha barafu na cha kiatu cha mtalii pale Lewis, Europa utakuwa umejiandaa. Anayejifunza kuogelea kwenye Nyando iliyofurika hataogopa bwawa la hoteli, he he.

Jioni ile nilimfuata mzee nyumbani kwake kumpa jibu. Nikamweleza habari ya chupa tupu inayobebwa kwenda na kurudi. Akasikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza kama ile programu ya visima bado inafanya kazi. Nikamwambia ndiyo, na sasa inajua kusema RUDIA. Akasema, "Hapo sawa. Mwanzoni ilikuwa inajua kila kitu."

Haya wandugu, betri inakaribia kwisha na mwembe unaanza kuingia giza. Ninyi mnaonaje, tupande mlima au tusubiri wengine watuletee majibu ya barafu yetu? Tukutane tena, Mungu akipenda.